Ninga, Dodo na Fujo ya Njiwa Wala Matunda

Ndugu wasikilizaji, wapenzi wa ndege, na nyinyi mliosindikizwa na wapenzi wa ndege bila kupenda, hamjambo.

Waandaaji waliniomba nizungumzie uainishaji wa njiwa wala matunda. Nilipoliona tangazo mlangoni nilicheka, maana mtu akilisoma haraka anaweza kudhani leo hakuna njiwa wala hakuna matunda. Wapo, na yapo. Lakini hata tukilisoma sawasawa, jina hilo lina mtego ndani yake. Ukisema "wavuvi", hujataja ukoo, umetaja kazi. Wavuvi kumi katika ngalawa moja wanaweza kuwa watoto wa baba mmoja, na wanaweza kuwa watu kumi waliokutana pwani asubuhi ile ile. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu waliwapanga njiwa hawa kana kwamba kazi yao ndiyo nasaba yao. Hilo ndilo kosa ninalotaka tulifuatilie leo, kwa sababu namna lilivyofanyika na namna lilivyofumuliwa ni kisa kitamu kuliko orodha yoyote ya majina.

Nianze na ninga.

Mkuyu ukiwa na makuyu mabivu, simama chini yake utulie. Utasikia vitu vidogo vikidondoka juu ya majani makavu, ta, ta, ta. Utasikia mluzi, kisha mlio kama wa mtu anayejizuia asicheke. Utatazama juu usione kitu. Halafu jani moja litageuka, litaning'inia kichwa chini miguu juu kama kasuku, na kunyofoa kuyu. Huyo ndiye ninga. Kijani chake ni kijani cha majani yenyewe, begani ana doa la zambarau, na akitulia hata mwenye macho makali humpita.

Kiswahili hakikumwita "njiwa kijani" kikaishia hapo, ingawa jina hilo nalo lipo. Kilimpa jina lake mwenyewe, kama kilivyowapa tetere, hua na pugi. Sisemi kwamba waliotunga maneno hayo walijua mambo ya DNA. Walikuwa na macho na masikio tu. Lakini shikeni majina hayo vizuri, hasa ninga, pugi na tetere, maana nitayarudia, na yatatushangaza.

Sasa twende kwenye vitabu. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha mtindo wa kumpa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini, aliwatia njiwa wote aliowafahamu katika jenasi moja, yaani kundi la spishi za ukoo mmoja, akaiita Columba. Mla nafaka, mla matunda, wa mjini, wa msituni, wote kapu moja. Hatumlaumu. Alikuwa na ngozi chache zilizokaushwa na maelezo ya mabaharia, na njiwa kweli wanafanana: kichwa kidogo, kifua kilichojaa, domo laini kwenye shina, kunywa maji kwa kufyonza bila kuinua kichwa, na kuwalisha makinda yao maziwa yanayotengenezwa goleni, ule mfuko wa kooni. Familia hii, Columbidae, ina spishi zipatazo 350, na kwa mambo hayo ya msingi ni watu wa nyumba moja kweli.

Kapu lilipojaa, watu wakaanza kulipunguza. Mwaka 1816 Louis Vieillot, Mfaransa, aliwatenga ninga katika jenasi yao, Treron. Ni neno la Kigiriki cha kale lililotumiwa kwa njiwa, lenye maana ya woga, na mtu aliyewahi kumkurupusha ninga mmoja akaona kumbe walikuwa thelathini atakubali kwamba jina halikukosea. Mwaka 1825 Mwingereza William Swainson akaleta Ptilinopus, yaani mwenye manyoya miguuni. Hao ndio njiwa wadogo wa rangi za kupendeza wanaoenea kutoka Asia ya Kusini-Mashariki hadi visiwa vya mbali vya Pasifiki: mgongo kijani, utosi wa zambarau au waridi, tumbo la manjano. Mwaka 1836 Brian Hodgson akiwa Nepal akaanzisha Ducula, njiwa wakubwa wa misitu ambao siku hizi tunahesabu spishi zao kama 40. Mwaka 1840 George Robert Gray akawapa njiwa wa buluu wa Madagaska, Komoro, Shelisheli na Morisi jina Alectroenas, maana yake njiwa-jogoo, kwa sababu ya ngozi nyekundu usoni.

Morisi walikuwa na wao, Alectroenas nitidissimus, na nawaombeni dakika moja kwa ajili yake. Alikuwa na shingo nyeupe, mwili wa buluu na mkia mwekundu. Wafaransa walimwita njiwa wa Kiholanzi, kwa kuwa rangi zake zilikuwa za bendera ya Uholanzi. Alitoweka katika miaka ya 1830. Zimebaki ngozi tatu tu. Tutamhitaji baadaye.

Basi, mnaona jenasi zinaongezeka. Inapotokea hivyo mtu hutafuta kabati la kuziweka pamoja, na kabati lililoonekana dhahiri lilikuwa ni hili: wote wanakaa juu ya miti, wote wanakula matunda, wengi wao ni kijani. Ikazaliwa nusufamilia, yaani kundi la jenasi kadhaa ndani ya familia, iliyoitwa Treroninae, njiwa wala matunda. James Lee Peters, katika juzuu la orodha yake ya ndege wa dunia lililotoka mwaka 1937, aliwapanga hivyo, na vitabu vingi vilivyomfuata vikarithi kabati na funguo zake. Mtu aliyekuwa akijifunza ndege miaka ya 1970 alifundishwa kwamba ninga wa Afrika, Ptilinopus wa Tahiti na Ducula wa New Guinea ni binamu wa karibu. Mimi mwenyewe nilianza na kitabu cha aina hiyo, na sikuona sababu ya kutilia shaka. Ndege wawili wa kijani wanakula tunda moja. Unataka ushahidi gani tena?

Ushahidi ulikuwa tumboni.

Naomba radhi kwa walio njiani kwenda kula, lakini jambo hili halielezeki bila kumpasua ndege. Mpasue ninga utakuta firigisi nene yenye misuli, na ndani yake changarawe. Firigisi ya namna hiyo ni kinu. Kuyu likiingia, nyama yake inatumika, na zile mbegu ndogondogo nazo zinasagwa. Kwa hiyo ninga hali tunda kwa maana tunayodhani. Anakula mbegu, na tunda ni kifungashio. Mwaka 1989 Frank Lambert alichapisha matokeo ya kuwachunguza njiwa na makuyu katika msitu wa Malaysia, na jambo hilo likawa wazi: kwa mkuyu, ninga ni mwizi. Anachukua nauli na abiria hamfikishi.

Sasa mchukue Ptilinopus au Ducula. Firigisi yake ni nyembamba na laini, utumbo wake mfupi na mpana. Anameza tunda zima, nyama inavuliwa, mbegu inatoka nzima, ama kwa nyuma ama kwa kutapikwa, mbali na mti mama. Huyu ndiye mpanda miti. Alfred Russel Wallace, aliyezunguka visiwa vya Malay kati ya 1854 na 1862, alimweleza Ducula wa visiwa vya Banda, Indonesia, anayemeza kungumanga. Kinachomlisha ni basibasi, ile nyavu nyekundu inayoifunika kokwa. Kokwa yenyewe huitoa bila kuidhuru. Waholanzi walijitahidi sana kuibana kungumanga ibaki mikononi mwao visiwani humo. Njiwa hakuusoma mkataba.

Angalieni basi. Ndege wawili mezani pamoja, sahani moja, na mmoja anakula wali wakati mwingine anakula mchuzi. Mtaalamu aliyesimama chini ya mti akiandika "wala matunda" hakusema uongo, ila alisimama mbali mno. Na si tumbo peke yake. Ninga kwa kawaida hutaga mayai mawili, kama njiwa wengi. Ptilinopus na Ducula kwa kawaida hutaga moja. Ninga hupiga mluzi, na Ducula wengi huunguruma kwa sauti nzito inayosafiri mbali msituni. Dalili zilikuwepo muda wote.

Ila msinielewe kwamba tumbo ni ufunguo wa kila kufuli. Fiji kuna Ducula latrans, Ducula halali kabisa kwa nasaba, ambaye ndani ya firigisi yake kuna vinundu vigumu vya pembe kwa ajili ya kushughulikia matunda magumu. Alfred Henry Garrod, mtaalamu wa wanyama Mwingereza aliyewapasua njiwa kwa bidii kuliko mtu yeyote wa karne ya 19, alimwandikia makala nzima. Ukipanga kwa firigisi peke yake, huyo utamfukuza kwao. Kiungo hufuata chakula, na chakula hubadilika. Ndiyo maana mimi siamini uainishaji unaosimama juu ya mguu mmoja, hata mguu huo ukiwa ndio nilioupenda.

Kisha ikaja DNA.

Kazi kubwa ya kwanza inayofaa kutajwa hapa ilitoka mwaka 2007, ya Sérgio Pereira na wenzake. Walipolinganisha jeni za njiwa wa sehemu mbalimbali za dunia, familia iligawanyika katika matawi makubwa matatu. La kwanza lina njiwa wa kawaida wa majumbani, tetere, na jamaa zao wa Amerika. La pili ni dogo, la njiwa wadogo wa ardhini wa Amerika. La tatu ni pori: humo wamo ninga, Ptilinopus, Ducula, njiwa wa ardhini wa Australia, njiwa wenye taji wa New Guinea, na pugi.

Ndiyo, pugi. Yule mdogo wa kahawia anayetembea chini akiokota punje, ambaye kwa mavazi na tabia ungemweka karibu na tetere bila kufikiri mara mbili. Kwa nasaba, pugi yuko upande wa ninga, na tetere yuko upande wa njiwa wa kwenye paa. Kila ninapolisema hili mbele ya watu huona nyuso zinakunjamana, na leo naona hazijakosekana.

Na ninga? Yumo katika tawi hilo kubwa, lakini amekaa kwenye kitawi chake peke yake. Ptilinopus na Ducula wako pamoja kwenye kitawi kingine. Jirani gani hasa ndiye wa karibu zaidi na ninga, hapo miti ya jeni, yaani michoro ya nasaba inayochorwa kwa DNA, hutofautiana kutoka utafiti hadi utafiti. Kinachoonekana ni kwamba kabati la Treroninae, kama Peters alivyolijaza, lilikuwa na watu wa nyumba tofauti. Ukijani na upenzi wa matunda vilimjia ninga kwa njia yake, vikawajia wenzake kwa njia yao. Na upande wa pili wa familia, katika tawi la kina tetere, wako wala matunda wengine kabisa: njiwa wa milimani wa Afrika, Columba arquatrix, na Patagioenas wa Amerika. Hao hakuna aliyewahi kuwatia kabatini, kwa sababu moja tu ninayoiona: hawakuvaa kijani.

Sasa nifike kwa dodo, si embe bali yule ndege wa Morisi aliyetoweka, maana najua wapo waliokuja kwa ajili yake.

Miaka ya 1840 Mdenishi Johannes Theodor Reinhardt alilitazama fuvu la dodo lililokuwa Copenhagen akasema: huyu ni njiwa. Alichekwa. Ndege mzito asiyeruka, mwenye domo la ndoano, awe njiwa? Wengine walikuwa wamemweka kwa tai, wengine kwa mbuni. Mwaka 1848 Hugh Strickland na Alexander Melville wakatoa kitabu kizima kilichomuunga mkono Reinhardt, na kicheko kikaisha. Hata hivyo, kwa muda mrefu baadaye dodo na mwenzake wa kisiwa cha Rodrigues waliandikwa kama familia ya peke yao, pembeni mwa njiwa, kama wageni waheshimiwa wanaokaribishwa sebuleni lakini hawaingii jikoni.

Mwaka 2002 Beth Shapiro na wenzake walichapisha matokeo ya DNA iliyotolewa katika mabaki ya dodo wa Oxford. Dodo hakuwa pembeni. Alikuwa katikati ya nyumba, ndani ya lile tawi la tatu, na ndugu yake wa karibu zaidi aliye hai ni njiwa wa Nicobar, Caloenas nicobarica, ndege wa visiwani mwenye manyoya marefu shingoni yanayometameta kama shaba na zumaridi. Matokeo yake kwa mada yetu ni ya ajabu kidogo. Sheria za upaji majina zina hesabu zake, na katika orodha nyingi za leo nusufamilia hiyo nzima inaitwa Raphinae, kutokana na Raphus, jina la kisayansi la dodo. Kwa hiyo ninga anayening'inia kwenye mkuyu leo, akiandikwa rasmi, anaandikwa chini ya jina la marehemu wa Morisi. Na jina Treroninae, lililotokana naye mwenyewe, limebanwa hadi likabaki na ninga peke yake. Nimeona watu wakilalamikia jambo hili kana kwamba ni dhuluma. Mimi nalipenda. Angalau mara moja marehemu amerithi kwa walio hai.

Tubaki sasa na wale wanaomeza mbegu bila kuzisaga, maana humo ndimo kazi ilimo bado.

Kitawi cha Ptilinopus na Ducula kina wengine ndani yake. Yupo Hemiphaga wa New Zealand, anayeitwa kererū, njiwa mzito anayemeza matunda makubwa ya miti kama tawa na karaka. Ndege wengine wakubwa waliokuwa wakifanya kazi hiyo huko wametoweka, naye amebaki kama gari la mwisho la mbegu kubwa. Wapo Gymnophaps wa milima ya New Guinea na visiwa jirani. Yupo Cryptophaps wa Sulawesi, wa kijivu, anayejificha mno. Yupo Lopholaimus wa mashariki ya Australia, mwenye shungi kichwani, ambaye jina lake la pili ni antarcticus ingawa hajawahi kukanyaga barafu. Na wapo Phapitreron wa Ufilipino, ambao ni kahawia! Kahawia kama udongo, hawana jani hata moja mwilini, na bado ni watu wa nyumba hii. Nilitaja pugi anayefanana na tetere bila kuwa wake. Hapa kuna mfano wa pili. Rangi ya njiwa ni nguo. Haimwambii mtu mengi kuhusu babu.

Ptilinopus yenyewe, jenasi ya spishi zaidi ya 50, ilikaa karibu karne mbili bila kusumbuliwa sana. Mwaka 2014 Alice Cibois na wenzake walichapisha mti wa jeni wa kundi hilo, na ukatoa aibu. Wale njiwa wa buluu wa Bahari ya Hindi, Alectroenas, waliokuwa na jenasi yao tangu 1840, walijitokeza ndani ya Ptilinopus. Vivyo hivyo Drepanoptila wa Kaledonia Mpya, kijani na wa kipekee kwa manyoya ya mabawa yenye ncha zilizopasuka. Tatizo lake liko hivi. Mwenye ukoo anawaita wajukuu wote wa bibi mmoja kwa jina la ukoo, isipokuwa mjukuu mmoja aliyehamia kisiwa cha mbali akavaa kanzu ya buluu. Huyo anaambiwa yeye ni ukoo mwingine. Haiwezekani. Ama na yeye aitwe kwa jina la ukoo, ama ukoo wote ugawanywe katika milango yake.

Njia zote mbili zina watetezi. Wa kwanza wanasema: tumezeni tu Alectroenas na Drepanoptila, kila mmoja aitwe Ptilinopus, mambo yaishe. Wa pili wanasema: Ptilinopus ilikwisha kuwa gunia, igawanyeni. Baadhi ya orodha zimechukua njia ya pili na kufufua majina ya zamani yaliyokuwa yamelala: Megaloprepia kwa yule mkubwa wa Australia na New Guinea mwenye kifua cha zambarau, Ramphiculus kwa kundi linalojumuisha wa Ufilipino na Sulawesi, na Chrysoenas kwa watatu wa Fiji.

Mimi ni wa njia ya pili, na watatu hao wa Fiji ndio walionishawishi. Mmoja anakaa Viti Levu, dume lake ni la manjano ya dhahabu. Wa pili anakaa Vanua Levu na Taveuni, dume ni rangi ya chungwa lililoiva, ila kichwa kimebaki na rangi ya mzeituni; mlio wake ni tok, tok, tok, kama saa ya ukutani. Wa tatu anakaa Kadavu, dume ana mwili wa kijani na kichwa cha manjano, na yeye anapiga mluzi. Majike wote watatu ni kijani, na ukiwachanganya utapata shida kuwatenganisha. Mtu anayetazama ndege hao watatu na bado anataka waandikwe jina moja na wadogo wa Tahiti ana subira ambayo mimi sina. Najua hoja yangu ni ya macho, na nimetumia nusu saa kuwaambia msiamini macho. Lakini hapa macho na jeni vimekubaliana, na inapotokea hivyo si vibaya kufurahi.

Mtu ataniuliza: kwa nini wawe wengi hivi, na kwa nini huko? Mti wa jeni unaelekeza asili ya kundi hili upande wa New Guinea, kisha wakaruka kisiwa hadi kisiwa. Wallace aliona mapema kwamba njiwa ni wengi na wa aina nyingi zaidi upande wa visiwa visivyo na kima na nyani, wezi wa mayai na makinda, na tago la njiwa mnalijua, vijiti vichache vilivyopangwa kwa matumaini. Na Jared Diamond, katika makala ya 1973, alieleza jambo la kupendeza kuhusu misitu ya tambarare ya New Guinea. Njiwa wanane wa Ptilinopus na Ducula wanaweza kuishi eneo moja kwa sababu wamepangwa kwa uzito kama mizani: mdogo ana gramu kama 50, anayefuata ni mzito mara moja na nusu hivi, na kuendelea, hadi mkubwa wa gramu kama 800. Mdogo anakaa kwenye kijiti chembamba cha pembeni anaokota vitunda vidogo. Mkubwa hawezi kufika huko, kijiti kitamwangusha, hivyo anakaa ndani kwenye tawi nene na kumeza matunda ambayo mdogo hayamwingii mdomoni. Mti mmoja, ngazi nane.

Chini ya jenasi kuna ugomvi wa spishi, nao nitaupitia upesi kwa sababu hauna mwisho. Kererū wa visiwa vya Chatham, parea, alikuwa akihesabiwa kama namna tu ya yule wa New Zealand. Sasa orodha nyingi humwandika peke yake. Katika Polinesia kila kisiwa kina Ptilinopus wake, kuanzia Marquesas hadi Henderson, na kila mtafiti akienda na sindano na chupa anarudi na hesabu mpya. Hata ninga wetu: yule wa Pemba, Treron pembaensis, anaishi kisiwa hicho tu, na ukimweka kando ya wa bara utamwona ana kijivu zaidi kichwani na tumboni. Wapo ambao kijivu hicho hakiwatoshi. Mimi kinanitosha.

Nimemwacha mmoja wa mwisho makusudi. Mwaka 1953, kwenye mteremko wa Mlima Canlaon katika kisiwa cha Negros, Ufilipino, alipigwa njiwa jike mdogo, kijani iliyoiva, na duara la manjano kuzunguka jicho. Alikuwa na mwenzake. Mwenzake alianguka kichakani hakupatikana. Miaka miwili baadaye alitangazwa kuwa spishi mpya, Ptilinopus arcanus, yaani wa siri. Tangu siku ile hajapatikana mwingine kwa uhakika. Dume lake halijulikani lina rangi gani, sauti yake haijarekodiwa, tago lake halijaonekana. Wengine walijiuliza kama si chotara wa aina mbili zinazojulikana. Kabati letu lote, matawi yote matatu, Raphinae na Treron na mengineyo, kwake yeye linasimama juu ya ngozi moja yenye karatasi iliyofungwa mguuni.

Nadhani muda wangu umepita. Mwenyekiti ameniangalia mara mbili sasa. Kama kuna maswali niko tayari, na lile la dodo kama aliliwa akaisha au vipi naomba tuliache la mwisho.